Maji Yaliyobaki Ndani ya Injini

Mwalimu wetu alipotufundisha ya kwamba maji yakiganda hutanuka, mwenzetu mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, jambo hili lina faida gani kwa mtu wa Kabonga?" Darasa zima likacheka. Kweli, kwetu Kabonga, upande wa Nyanza-Lac, hakuna aliyeona barafu ila ndani ya friji la muuza soda. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana joto la kama digrii 24 hata 28 mwaka mzima. Mimi pia nilicheka. Lakini baadaye, mwaka ule ule wa 2024, niliacha kucheka, na sababu yake ndiyo habari ninayotaka kuwaandikia wasomaji wa gazeti letu, hasa wale wenye kaka na wajomba ziwani.

Kwanza tutazame mambo ya nchi za baridi. Injini ya mashua hupozwa kwa maji. Maji hayo hupita katika njia nyembamba zilizomo ndani ya chuma, huzunguka silinda, huchukua joto, kisha hutoka nje. Katika nchi kama Uswidi na Kanada maziwa mengi huganda wakati wa baridi, na mashua hupandishwa nchi kavu kwa miezi kadhaa. Mtu mwenye busara, kabla ya baridi kufika, huyatoa maji yote yaliyomo ndani ya injini, au hutia dawa isiyoganda upesi. Mwenye kuchelewa huyaacha maji yake mle ndani. Usiku wa baridi kali ukija, maji yale huganda. Lita 10 za maji huwa karibu lita 11 za barafu. Barafu hiyo yataka nafasi, na nafasi hakuna. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakipindiki, basi hupasuka.

Jambo baya zaidi ni kwamba pengine ufa hauonekani. Joto likirudi barafu huyeyuka, mwenye mashua huwasha injini, nayo huunguruma vizuri. Kisha siku moja akipima mafuta huona yamegeuka meupe kama chai ya maziwa. Hapo hujua ya kuwa maji yameingia katika mafuta. Kuitengeneza si kazi ndogo. Fundi hutoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee mbele, kisha huushona kwa vipande vya chuma, au hulehemu. Na chuma cha kusubu hakilehemiwi ovyo: hupashwa moto polepole kwanza na kupozwa polepole baadaye, la sivyo hupasuka tena kando ya pale palipotengenezwa. Mara nyingi fundi hutikisa kichwa na kusema ni afadhali kununua kiwiliwili kipya cha injini.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna majira ya barafu, lakini siku hizi tunayo majira ya kuweka injini. Mwaka 2024, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, uvuvi ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili ndagala na mikeke wapate kuzaa na kukua. Kwa miezi mitatu hiyo mitumbwi ilikaa mchangani na injini zikakaa vibandani. Basi jambo lile lile linalowapata watu wa Uswidi lilitupata na sisi: injini iliyozoea kufanya kazi kila usiku ililala, na maji yaliyokuwamo ndani yake yakalala pamoja nayo.

Mjomba wangu ana mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na wavuvi wanane, na injini moja ya petroli ifungwayo nyuma. Usiku wa mwisho kabla ya kufunga, upepo wa kusini ulivuma, wimbi likaifunika injini, ikazimika. Wakapiga makasia mpaka pwani, wakaifungua, wakaipangusa kwa kitambaa, wakailaza kibandani juu ya magunia. Siku ya Pentekoste nilikuwa nyumbani. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, wewe umeshika spana za fundi likizo mbili nzima. Ifungue hiyo injini uikaushe kabla hujarudi shule." Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba." Lakini siku ile palikuwa na mchezo wa mpira, na kesho yake palikuwa na safari ya kurudi shule. Nikajiambia ya kwamba miezi mitatu ni mingi na injini haitakimbia. Nikaiacha.

Niliporudi mwezi wa Julai nilivuta kamba ya kuwashia. Haikuja hata kidogo. Ilikuwa kama kamba iliyofungwa kwenye mti.

Yafaa tueleze kilichotokea ndani. Chuma, maji na hewa vikikutana, hufanya kutu. Ukiondoa kimoja katika vitatu hivyo, kutu haifanyiki, au hufanyika polepole sana. Injini iliyozama ikikaa chini ya maji baridi ya ziwa hupata hewa kidogo tu; ndiyo maana mafundi husema, injini iliyozama ukiitoa nje na huna nafasi ya kuifungua siku ile ile, afadhali uirudishe ndani ya pipa la maji safi mpaka utakapokuwa tayari. Wengi hawaliamini neno hili, lakini ni kweli. Saa ya hatari ni ile inapotoka majini na kukutana na hewa hali ingali na unyevu ndani. Injini yetu ilipanguswa nje, ikameremeta kama mpya, na ndani ringi za pistoni zikashikana na silinda kwa kutu, na beringi nazo zikaanza kulika.

Nilikwenda kwa fundi mzee nikamwambia ukweli wote. Alisema, "Mjukuu wangu, injini haina maneno mengi. Maji yakibaki ndani, yatakudai." Kisha tukaanza kazi, nami naandika hatua zake ili ziwafae wengine.

Kwanza, tulitoa plagi, tukamimina dizeli kidogo katika kila silinda, tukaiacha siku mbili. Nilitaka kuvuta kamba kwa nguvu. Fundi alinizuia, maana kulazimisha injini iliyoshikana ni kuvunja ringi na kukwaruza silinda.

Pili, siku ya tatu tulitia spana kwenye kokwa ya gurudumu la juu tukalisukuma polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Mara ya kwanza lilisogea upana wa ukucha tu. Jioni lilizunguka duara zima.

Tatu, tulifungua kichwa cha injini, tukatoa pistoni. Silinda ilikuwa na mstari wa kutu mahali pistoni iliposimama. Tukausugua kwa jiwe laini lenye mafuta mpaka mkono usihisi kitu. Ringi zote tulizibadilisha, na beringi mbili pia. Gasketi ya zamani hairudishwi, tuliweka mpya.

Nne, tulisafisha kabureta. Petroli ikikaa miezi huacha utelezi kama gundi, nao huziba vitundu vidogo. Vitundu hivyo husafishwa kwa petroli safi na kupulizwa kwa hewa. Usitie waya, kwa sababu waya hukipanua kitundu, na injini haitapata tena kipimo chake.

Tano, tulifungua mafuta ya gia kule chini penye panga za kusukumia maji. Yalikuwa meupe kama maziwa. Tulimwaga yote, tukabadilisha mpira uzuiao maji, tukatia mafuta mapya.

Sita, tulitazama pampu ya maji, ambayo ndani yake mna gurudumu la mpira. Lilikuwa limekauka na kupasuka kwa mchanga. Tukaweka jingine. Ndipo tuliposimamisha injini ndani ya pipa la maji na kuiwasha. Kamwe usiiwashe pakavu, maana mpira ule hauwezi kuzunguka bila maji. Huungua upesi sana.

Iliwaka. Lakini vipuri vilikawia kufika, na siku ile ilikuwa tarehe 25 Agosti. Ziwa lilikuwa limefunguliwa siku kumi zilizopita. Siku kumi hizo wavuvi wanane walikaa pwani wakitazama taa za wenzao usiku. Baadhi yao walikwenda kubeba mizigo sokoni wapate unga wa watoto wao. Mjomba alikopa fedha za vipuri, na sehemu ya fedha hizo alikuwa ameiweka iwe karo yangu. Hakunigombeza. Alinipa karo nusu, akasema nyingine itafuata ndagala wakipatikana, nami nikaenda kwa Mkuu wa Shule kuomba muda. Hayo nayaandika si kwa kujisifu wala kwa kulia, bali mjue ya kuwa kazi ya mchana mmoja ilikuwa na bei hiyo.

Je, mchana ule ungetosha kweli? Ungetosha. Ningezuia kutu isiendelee kwa kutoa plagi, kuipindua injini maji yatoke, kumimina mafuta ndani ya silinda na kuizungusha kwa mkono mpaka mafuta yaenee kote. Na injini isiyozama, inayowekwa tu kwa miezi mitatu, yataka machache zaidi: iwashwe penye maji safi mchanga utoke, mpira wa petroli ufunguliwe ili imalize petroli iliyobaki katika kabureta, itiwe mafuta kidogo kwa tundu la plagi, mafuta ya gia yabadilishwe, kisha isimamishwe wima, isilazwe, maana injini hizi zikisimama wima hujimwaga zenyewe maji yake. Kila baada ya wiki mbili mtu aizungushe kwa mkono.

Ziwa letu lenyewe lina ushahidi mkubwa wa neno hili. Meli iitwayo Liemba ilijengwa na Wajerumani huko Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa mpaka Kigoma kwa meli na garimoshi, ikaundwa tena na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Tarehe 26 Julai 1916, vitani, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliifunika mitambo yake kwa grisi nyingi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo yake ya mvuke ingali yafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 Liemba ikaanza kazi ya kuchukua watu na mizigo. Tufikiri kidogo: watu waliokuwa wakishindwa vita, wenye haraka ya kukimbia, walipata nafasi ya kupaka grisi. Mimi, katika siku ya amani na ya mapumziko, sikuipata kwa sababu ya mpira.

Yule mwenzetu aliyeuliza swali darasani sasa nina jibu lake. Mtu wa Kabonga hana barafu, lakini maji yanayopasua chuma cha Uswidi na maji yanayokula chuma cha Kabonga ni maji yale yale, na dawa yake ni moja: yatoke kabla hayajaanza kazi yake. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila ziwa linapofungwa, ndugu wasomaji, kwanza nendeni kibandani. Mchezo utawangoja.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho