Chuo cha kanisa au cha umma? Kijana aongozwe, asilazimishwe

KILA mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, familia nyingi za Kikristo katika eneo la Migwani, Kaunti ya Kitui, hukabiliwa na swali gumu: je, mtoto ajiunge na chuo kikuu kilichoanzishwa na kanisa, ama cha umma?

Swali hili si geni Ukambani. Wamishonari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, katika Makueni ya sasa, mnamo 1895, na tangu hapo kanisa na shule vimeandamana kama chanda na pete. Chuo cha Scott mjini Machakos, kilichopewa hati ya chuo kikuu mnamo 1997, ni tunda la kazi hiyo. Kwa hivyo mzazi anayetaka mwanawe asome chini ya mwavuli wa kanisa hana kosa. Anachohofia ni pombe, marafiki wabaya na uhuru wa ghafla.

Hata hivyo, hofu si mshauri mwema. Kabla ya kutaja jina la chuo chochote, mzazi na kijana wanafaa kujibu maswali matatu.

Kwanza, kijana anataka kusomea nini, na alama zake zinamruhusu? Shahada huhitaji angalau C+, stashahada C- na cheti D, mbali na alama za masomo maalumu ya kila kozi. Anayetaka kuwa muuguzi, kwa mfano, anaweza kusomea stashahada katika chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, chenye mabewa Kitui na Mwingi. Chuo cha kanisa, hata kiwe na sifa njema kiasi gani, hakimfai iwapo hakifundishi kozi anayoitaka.

Pili, nani atalipa karo? Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mnamo 2023, ruzuku ya serikali ilitengewa wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma. Wale wa vyuo vya kibinafsi, vikiwemo vya makanisa, waliachiwa mikopo ya bodi ya HELB. Kwa familia inayotegemea pojo na mbuzi, mahali ambapo mvua hukosekana mara kwa mara, tofauti hiyo ni kubwa. Kuuza shamba ili kulipia mwaka wa kwanza, kisha kijana akakwama katika mwaka wa pili, ni hasara maradufu. Ikumbukwe pia kwamba Chuo Kikuu cha SEKU, kilicho Kwa Vonza katika kaunti iyo hiyo, ni cha umma na kilipewa hati mnamo 2013.

Tatu, imani ya kijana itasimama juu ya nini? Msalaba langoni haumfanyi mwanafunzi kuwa mcha Mungu. Katika vyuo vya umma mna vyama vya wanafunzi Wakristo, vingi vikiunganishwa na shirika la FOCUS. Biblia yenyewe inasimulia jinsi Danieli alivyofundishwa elimu ya Wakaldayo huko Babeli, asiiache imani yake. Kilichomlinda ni msimamo aliotoka nao nyumbani.

Basi mzazi aketi na mwanawe kabla ya siku ya kuwasilisha maombi kwa KUCCPS, na amsikilize kwanza. Amwite mwalimu anayejua uwezo wake darasani, na mchungaji au padri anayejua mwenendo wake. Wamtafute pia kijana wa kijijini aliye chuoni tayari, awaeleze maisha ya huko yalivyo.

Hatimaye uamuzi uwe wa kijana, kwa kuwa ndiye atakayeamka alfajiri kusoma. Kanisa linahitaji wachungaji, lakini linahitaji pia wauguzi, walimu na wahasibu waaminifu. Wito hauko madhabahuni pekee, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hata akiwa mbali na nyumbani.