Uteuzi wa Kipimo cha Virusi Penye Uhaba: Mfano wa Kitui

Kaunti ya Kitui ina eneo linalozidi kilomita za mraba 30,000. Mgonjwa anayekohoa Tseikuru na mwenzake wa Mutomo hawana ujirani wowote, na wote wawili wako mbali na Nairobi, ambako sampuli nyingi zilipelekwa baada ya UVIKO-19 kuthibitishwa nchini Kenya mnamo Machi 2020. Je, katika mazingira kama hayo, daktari ateue kipimo kipi?

Wengi hujibu upesi kuwa ni PCR, maadamu kipimo hicho hunasa hata chembe chache za virusi. Hata hivyo, ubora wa mashine hauondoi urefu wa safari. Sampuli sharti ihifadhiwe kwenye baridi, isafirishwe, kisha ingoje zamu yake maabarani. Majibu yakirudi baada ya siku kadhaa, mgonjwa amekwisha kwenda sokoni na matangani, na aghalabu siku zake za kuambukiza zimepita. Jibu ni la kweli, lakini halina kazi tena.

Mnamo Septemba 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu vipimo vya haraka vya antijeni, ambavyo hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa bila kuhitaji maabara. Sharti lilikuwa kwamba kipimo kigundue angalau wagonjwa 80 katika kila 100 wanaogunduliwa na PCR, na kiwaondolee shaka angalau watu 97 katika kila 100 wasio na virusi.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Tuchukue watu 1,000 waliokusanywa ovyo, 10 tu kati yao wakiwa na virusi. Kipimo kitawagundua 8, lakini kitawasingizia wazima wapatao 30. Kati ya watu 38 watakaotengwa, 30 wataacha shamba na biashara bure. Sasa tuchukue watu 1,000 wenye homa na kikohozi, 200 wakiwa wameambukizwa. Watagunduliwa 160, na watakaosingiziwa ni 24 tu. Kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni watu waliopimwa. Kwa hiyo, vifaa vikiwa haba, wapimwe kwanza wenye dalili na waliokaa karibu nao. PCR ihifadhiwe kwa mgonjwa ambaye dalili zake ni dhahiri ilhali kipimo cha haraka hakikuona kitu.

Lugha nayo ina lawama yake. Neno “chanya”, ambalo katika mazungumzo huashiria jambo jema, humfikia mgonjwa likiwa habari mbaya. Ni heri kumwambia, “Umepatikana na virusi.” Anayeambiwa “hasi” naye aelezwe kuwa virusi havikuonekana leo, kesho huenda vikaonekana.

Aidha, kuna mgonjwa asiyepaswa kungojea kipimo chochote. Anayehema kwa shida apimwe oksijeni kwa kifaa cha kubana kidoleni, na ikiwa imepungua, aongezewe papo hapo. Jina la virusi litajulikana baadaye.