Kabla ya Kupandikiza Nywele, Tuulize Zilianguka kwa Nini

Mama mmoja alitujia majuzi na simu mkononi, akatuonyesha picha za bintiye aliyebakisha miezi mitano aolewe. Nywele za panja zilikuwa zimerudi nyuma pande zote mbili, na paji la uso limekuwa pana kuliko lilivyokuwa utotoni. Alikuwa amekwisha kuzungumza na watu watatu. Daktari wa kwanza alisema atakata ukanda wa ngozi kisogoni. Wa pili alisema atatoa mashina ya nywele mojamoja, bila mshono. Wa tatu, wakala wa safari, aliahidi tiketi, hoteli na upasuaji mjini Istanbul kwa malipo mamoja. Mama alituuliza mambo mawili: je, jambo hili ni halali? Na kama ni halali, njia ipi ni salama?

Tuanze na la sheria, maana ndilo linalowafunga wengi midomo. Kuunganisha nywele kwa nywele nyingine kumekatazwa katika hadithi zilizo sahihi, na wako wanaodhani kupandikiza ni mlango huohuo. Wanazuoni wametofautisha. Sheikh Ibn Uthaymeen alijuzisha upandikizaji kwa kuwa ni kurudisha kilichopotea, si kuongeza juu ya umbile, akatoa ushahidi wa kisa mashuhuri cha watu watatu wa Bani Israili, ambamo mwenye upara alipanguswa na malaika akapewa nywele nzuri. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, nalo lilitaja upandikizaji wa nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke, miongoni mwa yaliyoruhusiwa. Masharti hayakuondoka: madhara yasizidi manufaa, pasiwe na udanganyifu, na sitara ichungwe, daktari mwanamke akitangulizwa anapopatikana.

Basi halali ipo. Lakini halali si dawa, na hapa ndipo tunapoomba wazazi watusikilize kwa makini.

Upasuaji huu hauumbi nywele mpya. Huhamisha zilizopo, kama mkulima anavyong'oa miche kitaluni na kuipeleka shambani. Kitalu ni kisogo, na mche uliong'olewa hauachi mwingine mahali pake. Akiba hiyo ni ndogo na haijazwi tena. Kwa sababu hiyo, mwanamke aliyepungukiwa na nywele kichwa kizima huenda asifae kabisa, kwani hata nywele za kisogo ni dhaifu; atakuwa ametoa huku na kupoteza huku.

Swali la kwanza, basi, si kukata vipi, bali zilianguka kwa nini. Nywele zinazomwagika miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe, aghalabu ndani ya mwaka. Upungufu wa madini ya chuma na maradhi ya tezi la shingo hutibiwa kwa dawa, si kwa kisu. Kuna upara unaoanzia utosini na kutanuka taratibu, pengine kwa muwasho au kuungua. Huo huharibu shina na kuacha kovu, nao huwapata sana wanawake wenye asili ya Afrika. Daktari wa ngozi huweza kuuthibitisha kwa kupima kipande kidogo cha ngozi. Ukipandikiza wakati ugonjwa huo bado unawaka, utakula na miche mipya. Madaktari wengi hutaka utulie mwaka mmoja au zaidi kwanza.

Upara wa panja, kama wa binti yule, mara nyingi ni wa kuvutwa. Tunaujua sote, ila hatuutaji. Msusi anayekaza mpaka nyusi zikainuka tunamsifu kuwa ana mkono, na mtoto akilia huambiwa uzuri una gharama. Kisha juu ya misuko hiyo hufungwa kitambaa cha kubana, na pengine nywele zikiwa bado mbichi. Mvuto ukiachwa mapema, nywele hurudi. Ukidumu miaka, shina hufa, na hapo ndipo upandikizaji huwa na maana, kwa sharti kwamba ususi ule hautarudi tena.

Sasa njia zenyewe. Ile ya ukanda hukata kipande chembamba cha ngozi kisogoni kwa ganzi ya mahali, ngozi ikashonwa, na mashina yakatenganishwa kwa darubini. Huacha kovu la mstari. Ile ya mojamoja hutumia kitoboleo chenye upana wa takriban milimita moja, na huacha vidoa vilivyotawanyika. Matangazo huisifu hii ya pili kana kwamba ya kwanza imepitwa na wakati. Kwa mwanamke hatukubali. Njia ya mojamoja kwa kawaida hutaka kisogo kinyolewe, ingawa huwezekana kunyoa sehemu ndogo iliyofichika, wakati kovu la mstari hufunikwa na nywele ndefu. Tena nywele zetu za kipilipili hupinda hata chini ya ngozi, na kitoboleo kinachokwenda moja kwa moja huweza kukata shina lisiloonekana. Inahitajika mikono iliyozoea nywele za aina hii. Lakini ambaye kovu la sikio au la upasuaji wa uzazi lilimvimba na kupanda aseme mapema, kwani zote mbili zaweza kumletea makovu ya namna hiyo, na ile ya ukanda zaidi.

Mtoto aliyeungua kichwa ana njia yake: mfuko wa mpira huwekwa chini ya ngozi yenye nywele, ukajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka ngozi itanuke, kisha kovu likaondolewa na ngozi hiyo ikavutwa kuziba pengo.

Kuhusu Istanbul, wapo mabingwa huko. Wapo pia wanaouza jina la daktari huku kazi ikifanywa na wasio madaktari, jambo ambalo hata jumuiya za kimataifa za fani hii zimelipigia kelele. Ulizeni ni nani atakayeshika kisu, na jeraha likitunga usaha mkiwa mmesharejea nyumbani, mtamwendea nani. Kwa hapa Kenya, jina la daktari hutafutwa katika orodha ya Baraza la Madaktari kabla ya kulipa hata shilingi.

Kwa ibada, dada zetu wasihofu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa kwatosha katika udhu. Kwa josho, ikiwa maji yatadhuru jeraha, palipo pazima huoshwa na hutayamamiwa kwa ajili ya jeraha.

Tulipomweleza mama kwamba nywele zilizopandikizwa huanguka ndani ya wiki chache, huanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo huhukumiwa baada ya mwaka, alinyamaza kidogo. Arusi ilikuwa miezi mitano mbele. Bintiye amekwisha kufumua misuko na amepangiwa kumwona daktari wa ngozi mwezi huu. La kisogo limewekwa mpaka hapo.