Ubao Ukibadilishwa, Leseni Huenda Wapi?

Kitenzi 'kununua' kimewapotosha wengi miongoni mwetu tunaotumia kompyuta. Mwalimu aliyelipia mashine yenye Windows husema, bila wasiwasi wowote, kuwa amevinunua vyote viwili. Mashine ameinunua, ndiyo. Programu hakuinunua, alichouziwa ni idhini ya kuitumia, nayo ina masharti ambayo ni nadra mtu kuyasoma hadi siku fundi anapobadilisha kipuri, na maandishi yakajitokeza pembeni mwa kioo yakimtaka aiamilishe Windows upya.

Neno hili 'kuamilisha' lisikutishe, mpenzi msomaji. Shina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya kazi, na ndilo lililotupa pia amali na muamala. Kampuni ya Microsoft iliileta desturi hii katika Windows mwaka 2001, ilipotoa toleo la XP, ili nakala moja isitiwe katika mashine kumi. Windows hutazama sehemu kadhaa za kompyuta, ikaziundia kitambulisho, kisha kitambulisho hicho kikafungamanishwa na leseni. Ukiongeza kumbukumbu, kwa kawaida hutasikia lolote. Lakini ubao-mama, yaani ule ubao mkuu unaobeba prosesa na kuunganisha sehemu nyingine zote, ukibadilishwa, mashine huhesabiwa kuwa nyingine kabisa.

Je, ni nyingine kweli? Mkulima akilitia jembe mpini mpya husema jembe ni lile lile. Akinunua bamba jipya na kulitia katika mpini wa zamani, sidhani kama atathubutu kusema hivyo. Microsoft imeufanya ubao-mama kuwa ndio bamba, na kwa maoni yangu uamuzi huo una mantiki. Kisicho na mantiki ni kumwachia mwalimu aigundue kanuni hiyo baada ya fundi kwenda zake.

Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani huishi na kufa na mashine hiyo, ingawa ubao wenye hitilafu ukibadilishwa na mtengenezaji chini ya dhamana, leseni mpya haihitajiki. Iliyonunuliwa peke yake dukani yaweza kuhamishwa, mradi itumike katika mashine moja tu kwa wakati mmoja.

Basi kabla fundi hajashika bisibisi, mwenye Windows 10 au 11 na aiunganishe leseni yake na akaunti ya Microsoft, jambo lililowezekana tangu mwaka 2016. Ukarabati ukiisha, aingie kwa akaunti hiyo hiyo akiwa na mamlaka ya msimamizi wa mashine, afungue mipangilio ya uamilishaji na kuendesha kitatuzi cha matatizo, achague kauli isemayo kwamba amebadilisha maunzi hivi karibuni, kisha aiteue mashine yake katika orodha. Leseni ya Home haiamilishi Pro. Kompyuta zilizosajiliwa kwa mkataba wa jumla wa taasisi hazifuati njia hii. Hizo ni za kupelekewa msimamizi wa mitambo.

Linalonikera zaidi ni hofu inayofuata. Mwalimu huona yale maandishi akadhani alama za wanafunzi zimekwisha kupotea, akakubali kuuziwa na mtu wa vichochoroni programu ya kuvunjia kufuli. Programu hizo aghalabu hudai kinga ya mashine izimwe kwanza, na mlango ukishaachwa wazi, virusi havibishi hodi. Ilhali Windows 10 au 11 isiyoamilishwa haifuti faili yoyote. Mitihani ipo na hufunguka. Kinachofungwa ni mambo kama kubadilisha picha na rangi za kioo. Muda wa kuitafuta risiti na kuuliza kwa utaratibu upo.

Na pale leseni isipohamishika, na shule isiwe na fedha za kununua nyingine, kuna Ubuntu na jamaa zake wa ukoo wa Linux, ambao hawamwulizi mtu ubao wake ulitoka wapi.