Mbwa Jike Haitwi Jina la Bibi wa Mtu

Wageni wakikaa kwetu kidogo huondoka na hukumu mbili: kwamba hatupendi mbwa, na kwamba hata majina hatuwapi, au tukiwapa ni ya kejeli tu. Ya kwanza siibishii. Mbwa wa kwetu hulala nje na hula ukoko, na Waislamu wanajua wanachofanya na chombo alichokilamba. Yaishie hapo. Ya pili ndiyo inayoniudhi, kwa sababu mtu akiyachukulia majina yale kuwa kejeli tupu, basi aliyasikia bila kuuliza yalimlenga nani.

Mimi ni mtoto wa mashamba ya mkonge, Kimamba, wilayani Kilosa. Wenyeji wa pale ni Wakaguru na Wasagara, lakini manamba walitoka kila upande: Waha, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde. Kila mmoja alimbembeleza mtoto kwa lugha ya kwao, ila mbwa alipewa jina la Kiswahili, na sababu yake ilikuwa dhahiri: jina la mbwa sharti jirani alielewe.

Mwanamke akisengenywa kisimani hakwenda kugombana. Alisubiri watoto wa mbwa wazaliwe, akachukua mmoja, akamwita Mtasema. Basi kila jioni, sufuria mkononi, alisimama uani: "Mtasema! Mtasema, njoo ule!" Msengenyaji alisikia, majirani walisikia, na hakuna aliyeweza kumpeleka mtu kwa balozi wa nyumba kumi, kwani balozi angeuliza swali moja tu: "Mama, umeitwa wewe au ameitwa mbwa?" Nimewajua Sinabaya, Wivu, Hawakosi na Mtajuaje. Kanga hufanya kazi hiyo hiyo, lakini kanga huchakaa, ilhali Mtasema aliishi miaka mingi na alizaa. Wala si mila yetu peke yetu. Washona wa Zimbabwe na Wabaatonu wa kaskazini mwa Benin nao hutumiana salamu kwa midomo ya mbwa.

Madume hayana mengi ya kusimulia. Simba, Chui, Askari, mara nyingi ni hayo tu. Wanaume ndio waliowapa majina, na wanaume hawakujisumbua.

Mbwa jike alikuwa wa jikoni. Wanaume walikwenda kuwinda na madume, yeye akabaki na watoto wake karibu na mafiga, na jina lake alipewa na akina mama. Ndiyo maana historia ya nchi hii, ile iliyopita tumboni na siyo bungeni, niliisikia kwanza katika majina ya mbwa majike. Bibi yangu alikuwa na jike la rangi ya njano akaliita Yanga. Wapenzi wa mpira walicheka (nusu ya mbwa wa kijiji waliitwa Simba, kwa hiyo mechi ilikuwa kila siku), lakini bibi hakuwahi kutia mguu uwanjani. Yeye alikuwa anaukumbuka unga wa njano, ule wa mahindi yaliyoagizwa kutoka nje miaka ya ukame ya 1973 na 1974, ambao watu waliubandika jina hilo kwa rangi yake. Kila alipomwita mbwa wake, wajukuu tuliokuwa tukichagua chakula tulitulia.

Jirani yetu alikuwa na Foleni. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni na sukari vikipangiwa mstari tangu alfajiri. Watoto wa mbwa yule walipojipanga kunyonya, jina likakaa mahali pake. Baadaye akaja Elinino, wa mvua za 1997, na Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 ukaing'oa reli, mtoto wa mbwa aliyeokolewa juu ya paa akaitwa Mkondoa. Mama asiyejua kusoma aliweza kukuambia mwanawe alizaliwa lini kwa kumtaja mbwa aliyekuwapo uani.

Angalia sasa: unga, mstari, mvua, mto. Hakuna mtu hapo. Mbwa akipewa jina la mtu, basi mtu huyo alikuwa adui. Nalikumbuka dume lililoitwa Amini baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979, na halikuitwa hivyo kwa mapenzi.

Ndiyo maana nilishtuka mgeni mmoja, mtu mwema kabisa, aliponiambia anamtafutia mbwa wake jike jina "lenye historia ya Kiafrika" na ameshalipata: Mkomanile. Kwao kumwita mbwa Cleopatra au Sheba ni heshima, nami siwakatazi wakiwa kwao. Lakini Mkomanile ni mama wa Kingoni aliyenyongwa na Wajerumani pale Songea mwaka 1906, pamoja na wapiganaji wa Majimaji, na watu bado hukusanyika Songea kila Februari kuwakumbuka. Ukisimama getini ukapiga kelele, "Mkomanile, toka kwenye jalala!", Mngoni anayepita hatauliza nia yako. Ni hivyo hivyo kwa Mekatilili wa Menza na Wagiriama wake, na kwa Bibi Titi. Hao ni bibi za watu.

Anayetaka historia ya mbali, ipo ya mbwa wenyewe. Wamisri wa kale waliwaita mbwa wao kwa sifa, kama Jasiri au Upepo wa Kaskazini, na hata Asiyefaa, jina ambalo bibi yangu angelipenda. Yupo Laika, jike lililookotwa mitaani Moscow na kurushwa angani tarehe 3 Novemba 1957, likafia huko. Alichaguliwa mbwa wa mtaani kwa kuwa amezoea baridi na njaa, yaani mbwa kama wetu. Wapo Belka na Strelka, majike pia, waliorudi hai Agosti 1960. Majina hayo hayamvunjii mtu heshima.

Kinachoniuma zaidi si wageni. Nenda siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa mjini, usikilize karani akijaza kadi: Bella, Queen, Princess, Bella tena. Wenye mbwa ni vijana wetu, na ukiwauliza kwa nini Bella, wanasema limesikika zuri. Halimsemi jirani, wala halikumbuki mwaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata mbwa jike mwaka huu, mpe jina la jambo lililowapata watu wa mtaa wako, si la mtu. Na kabla hujaliandikisha kwenye kadi, lipigie kelele uani jirani akiwa anapita.