Je, Wajua? Toleo Jipya, Mtuhumiwa wa Zamani

Je, wajua kwamba tangu 2011 takwimu za zahanati na hospitali za umma, kuanzia Molo hadi Naivasha, huingia katika DHIS2, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya nchini Kenya, na kwamba hifadhidata inayoubeba mfumo huo ni PostgreSQL? Programu hiyo ni ya bure. Hata ushirika wa maziwa Njoro unaweza kuitumia bila kulipia leseni.

Je, wajua PostgreSQL hutoa toleo kuu karibu kila mwaka, na kila moja huhudumiwa kwa miaka 5 tu? Fundi hana budi kuhama. Kesho yake simu zinaanza: "Mbona ripoti haiishi?"

Je, wajua kwamba kabla ya toleo la 18 la 2025, kuhama kwa zana ya pg_upgrade kuliacha nyuma takwimu zinazosaidia hifadhidata kuchagua njia ya kusoma jedwali? Dawa ni amri moja: ANALYZE. Itoe kabla ya kumlaumu yeyote. Na aliyetoka toleo la 11 kurudi nyuma ajaribu pia SET jit = off, kwa sababu tangu la 12 JIT, yaani kugeuza hoja kuwa msimbo wa mashine papo hapo, huja ikiwa imewashwa.

Je, wajua kila bloku ya PL/pgSQL, lugha ya kuandikia funkshoni za PostgreSQL, yenye EXCEPTION hufungua muamala mdogo ndani ya ule mkubwa, hata kosa lisipotokea? Ndivyo ilivyo tangu toleo la 8.0 la 2005, kwa hiyo si hila ya toleo jipya. Nyaraka rasmi zinaonya isitumiwe bila haja, lakini wengi huibandika kila mahali kwa woga tu. Tuseme ushirika wa Molo unapakia rekodi 100,000 za maziwa kwa kitanzi chenye EXCEPTION: hiyo ni miamala midogo 100,000.

Hapa ndipo penye utamu. Kila muunganisho huweka karibu namba za miamala midogo 64 tu, zile za miamala iliyoandika kitu. Zikizidi, miunganisho mingine hulazimika kwenda kupekua pg_subtrans. Anayeumia basi ni karani asiye na hatia anayesoma salio la mkulima! Toleo la 17 la 2024 liliruhusu kumbukumbu ya upekuzi huo iongezwe, kwa subtransaction_buffers.

Je, wajua INSERT iliyogonga rekodi pacha, hata ikidakwa na EXCEPTION, huacha mstari mfu jedwalini hadi VACUUM ipite? Tangu toleo la 9.5, la 2016, ON CONFLICT DO NOTHING huiruka rekodi pacha bila EXCEPTION.

Je, wajua EXPLAIN haioni ndani ya funkshoni ya PL/pgSQL? Weka track_functions = 'pl', kisha soma pg_stat_user_functions. Ukikuta total_time kubwa na self_time ndogo, mchawi ni funkshoni nyingine iliyoitwa humo ndani.