Kipimo cha Oksijeni Kidoleni

Mtoto akikohoa na kupumua haraka, muuguzi humbana kidoleni kwa kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu. Wengine huogopa kwamba kinanyonya damu. La, hakinyonyi. Mwanga hupenya kidole, na kwa rangi ya damu kifaa hukadiria oksijeni iliyobebwa.

Nasema hukadiria. Kipimo chenyewe hasa ni damu inayotolewa kwenye ateri na kupimwa maabara, na vifaa vya kidole hutengenezwa kwa kulinganishwa na kipimo hicho. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa huweza kuonyesha namba ya juu kuliko ile ya maabara. Hiyo inatuhusu sisi.

Halafu kuna baridi yetu ya Timau. Vidole vikiwa baridi damu haifiki vizuri, na namba hupotoka. Mpashe mtoto mikono joto kwanza. Mtoe rangi ya kucha. Akirukaruka, mnyonyeshe atulie, kisha mngoje namba nayo itulie.

Hapa tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwa hivyo namba ikiwa chini kidogo kuliko ya mtoto wa Mombasa, usishtuke. Ikishuka chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni.

Lakini hata kikisoma 95, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au midomo ikigeuka buluu, usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu ya namba. Mwambie muuguzi unachokiona.